Sakristani wa Ndani ya Mashini

Maestro wetu wa parokia ya Keshero, mjini Goma, alisimamisha kwaya nzima kwa kidole kimoja. Hakupiga makofi, hakupaza sauti. Kidole kiliinuka, wimbo ukakatika katikati ya neno, na kila mwimbaji akaanza kuomba kimoyomoyo kwamba kosa lililosikika si lake.

"Sauti ya pili," alisema. "Kuna mutu amekula herufi."

Aliwapitia mmoja mmoja kwa macho.

"Anajijua. Airudishe. Haikuwa chakula yake."

Basi mama mmoja mnene wa sauti ya pili, muuza samaki, alicheka kwa pua, na kila mtu akajua herufi imelala wapi. Waliimba tena mstari ule mpaka herufi ikarudi mahali pake. Wageni waliopita nje ya kanisa walidhani kuna ugomvi. Hakukuwa na ugomvi. Ndivyo tulivyokuwa tukisali.

Nasema "tulivyokuwa", ingawa mimi sikuwa mwimbaji. Nilitoka shuleni mapema, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja. Nimesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nimelala juu ya mizigo ya malori ya Butembo, nimebeba magunia kwenye maboti ya ziwani. Lakini kila niliporudi Goma nilipita kwa Maestro, na hilo lilianza kwa makaa. Nilikuwa nimemletea gunia la makaa kwa chukudu, nikalitua mlangoni, kisha nikasahau kuondoka. Ndani alikuwa akipiga noti ileile kwenye kinanda kidogo, mara nyingi, kama mtu anayebisha hodi. Nikachungulia dirishani, nikamuuliza kwa nini anarudia.

Akanitazama juu ya miwani. "Wee ni sauti gani?"

"Mimi ni ya makala, Papa."

Makala kwetu ndiyo makaa. Alicheka mpaka akaacha kinanda. Akaniingiza ndani, akanieleza sababu ya ile noti, na tangu siku hiyo akaniita Musafiri. Alikuwa mtu wa kueleza. Ukimuuliza swali, hakukuuliza kwanza umesoma mpaka wapi.

Alivaa tai hata akienda kuchota maji ziwani. Alihubiri juu ya saa kuliko padri, na hakuwahi kufika mazoezini kwa wakati. Alifika akitembea kwa haraka kubwa, ameinamisha kichwa, kama mtu anayetaka kuiaibisha njia kwa urefu wake. Alichukia kelele, na nyumba yake iliegemea baa. Alipoulizwa kwa nini hahami, alisema jirani wa baa angalau anajua ana kelele, kuliko jirani anayedhani anaimba.

Sasa niseme habari ya kompyuta, maana bila hiyo picha yake haikamiliki.

Aliinunua kwenye ofisi moja ya mtaa wa Himbi iliyokuwa ikifunga mlango na kuuza meza, viti na mashine. Ilikuwa ya zamani, ya sanduku kubwa la kusimama na kioo kizito. Alitaka kuweka ndani yake nyimbo zote za kwaya, na si za kwaya yake tu. Miaka ile watu walikuwa wanashuka kutoka kila upande. Kila vita vilipoinuka, parokia ilijaa: watu wa Masisi, watu wa Rutshuru, familia za Wanande zilizokatiwa njia ya kurudi Butembo na Beni. Walifika na magodoro, na kuku, na watoto, na kila kijiji kilifika na nyimbo zake. Maestro alipita kati ya mahema ya wakimbizi ya Kibati amevaa tai, akiuliza, "Kwenu munaimbaka nini wakati wa matoleo?" Mara ya kwanza walidhani ni mtu wa kuandikisha msaada, wakampangia foleni. Aliandika nyimbo za foleni yote.

Ziliongezeka mpaka zikawa hazipatikani tena. Wimbo uko ndani, lakini ndani wapi? Ndipo akaitwa fundi, kijana mmoja mtaratibu aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta kando ya barabara. Nilikuwapo siku hiyo, nimekaa juu ya gunia langu, na nakumbuka maelezo yake kwa sababu yalinifurahisha.

"Maestro, wakati wee umepumzika, mashini haipumzikake. Iko inapita kwenye mafile yote, inasoma moja moja. Kila neno inaliona, inaandika liko wapi. Kesho ukiuliza neno, haianze kutafuta tena. Inaangalia tu kwenye orodha yake. Banaita ile indexation."

"Inapita wakati batu hawako?"

"Ndiyo."

"Inaona kila kitu kiko mahali gani?"

"Ndiyo, Maestro."

"Basi ni sakristani," alisema Maestro, akimaanisha yule mtunza kanisa mwenye funguo, na jina likabaki. Taa ndogo ya kompyuta ilipopepesa na sanduku likaanza kuvuma peke yake, alishusha sauti na kutuambia, "Taratibu, sakristani anapita."

Kitabu cha nyimbo nacho kina faharasa, kule nyuma, inayopanga nyimbo kwa maneno ya kwanza. Maestro aliidharau ile faharasa maisha yake yote. "Nani anakumbukaka mwanzo?" alisema. "Mutu anakumbukaka kiitikio. Na anakikumbukaka vibaya."

Hilo la vibaya ndilo lililokuwa shida. Nyimbo nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili cha vitabu, kile kinachotoka mashariki, na sisi wa Goma tunakisikia kama tunavyomsikia shangazi wa mbali: tunaelewa, na pale tusipoelewa tunajaza wenyewe. Neno "enzi" kwetu halina nyumba. Kwa hiyo "Bwana mwenye enzi" watoto wameimba miaka yote "Bwana mwenye inzi", na hakuna aliyejiuliza Bwana anafanya nini na inzi. "Tufike kwa Baba" kule Kibati, ambako chakula kilikuwa haba, watu waliimba "Tupike kwa Baba", tena kwa moyo kuliko walioimba sawasawa. Kuna wale ambao l na r kwao ni mapacha. Kuna wanaosema mutoto na kitabu kinasema mtoto. Sakristani wa mashini hajui lolote kati ya hayo. Ukikosea herufi moja, anakwambia hakuna.

Basi Maestro akafanya jambo ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Chini ya kila wimbo aliandika neno "Makosa", na chini yake akaandika namna zote ambazo watu wanaukosea ule wimbo. Alizikusanya kwa bidii kuliko nyimbo zenyewe. Yule yule aliyesimamisha kwaya kwa herufi moja, mazoezi yakiisha alimfuata mama wa samaki mlangoni na kumuuliza kwa upole, "Ile umeimba, uliimba aje? Rudilia kidogo." Mama akadhani anaadhibiwa upya. Kumbe mzee alikuwa anataka kuliandika kosa kabla halijatoroka.

"Kosa njo mulango wa nyuma," aliniambia, maana yake ndilo mlango wenyewe. "Batu wengi banaingilia pale."

Niliona mlango ule ukifunguka. Mwanamke mmoja kutoka milima ya Masisi alikuja kuomba wimbo kwa ajili ya harusi ya binti yake, harusi ya kambini, bila gauni wala keki. Alisema, mbele ya kwaya nzima, kwamba anataka ule wa Bwana mwenye inzi. Wasichana wa sauti ya kwanza wakafichana nyuso. Maestro hakucheka. Aliandika "inzi" kwenye kompyuta, na wimbo ukatokea kabla mama hajamaliza kutengeneza kitenge chake.

"Huu hapa, mama. Kwenu muliuimba na sauti ngapi?"

Mama akauimba. Ulikuwa na sauti moja ya juu ambayo sisi hatukuwa nayo, inayopanda pale tunaposhuka. Maestro akasahau harusi, akakimbilia kinanda. Jumapili iliyofuata tuliimba vile, na mpaka leo Keshero inaimba vile.

Lakini sakristani alikuwa na gharama. Kompyuta ilikuwa ya zamani na yeye alikuwa anaingia kila chumba: picha za ubatizo, filamu za wapwa, takataka zilizobaki za ile ofisi ya Himbi. Akipita, mashine iligeuka konokono. Fundi akashauri azimwe.

"Kumuzima sakristani?" alisema Maestro. "Nani atafungua kanisa?"

Wakapatana: sakristani asizimwe, ila apewe ufunguo wa chumba kimoja tu, chumba cha nyimbo, vingine vyote afungiwe. Fundi akaingia kwenye mipangilio, akaondoa alama hapa na pale, na kompyuta ikapata nguvu kama mgonjwa aliyekunywa uji.

Kisha Maestro, kwa kupenda usafi, akahamisha nyimbo za Kwaresima kwenye chumba kipya alichokitengeneza mwenyewe. Siku ya Majivu ilipokaribia akatafuta. Hakuna. Akaandika maneno ya kwanza, kiitikio, makosa. Hakuna. Alikuja mazoezini, kwa mara ya kwanza akiwahi, akasimama mbele yetu akasema, "Ndugu zangu, Kwaresima imepotea." Kijana mmoja wa besi akasema "Aksanti Mungu" kabla hajajizuia.

Fundi alipofika, aligusa mahali pawili akacheka. Nyimbo zilikuwapo zote. Zilikuwa tu kwenye chumba ambacho sakristani hakupewa ufunguo. Toka siku hiyo Maestro alikuwa na msemo mpya, na aliutumia kwa mambo yote, kwa mbuzi aliyepotea, kwa jamaa waliokatika na vita, kwa imani ya watu: "Ukitafuta na usipate, usiseme haiko. Uliza kwanza kama sakristani ana ufunguo."

Ufunguo wake mwenyewe, wa nyumba, aliupoteza kila juma. Tulimkuta ameketi kwenye ngazi, tai shingoni, anangoja mtu mwenye mikono myembamba apitishe mkono dirishani. Alipata wimbo kati ya mamia kwa kupepesa jicho, na hakuweza kupata soksi ya pili.

Mpaka sasa sijamtaja mke wake, na yeye ndiye kiini.

Tulimwita Mama Maestro. Alitoka milima ya Masisi, mrefu kumpita mumewe, na hakuimba kwaya. Alisema nyumbani kuna mtu mmoja wa kumpigia mdundo na anamtosha. Lakini aliimba jikoni. Jikoni ilikuwa nyuma ya ukuta wa sebule, na sebuleni ndipo kompyuta ilipokuwa, kwa hiyo ukikaa pale ulisikia yote: sufuria, maji, na yeye.

Mwaka ule waasi walipoushika mji, na watu wakakimbia na walichoweza, Maestro alifunga sanduku la kompyuta kwa kanzu za kwaya akalikumbatia kama mtoto mchanga. Mama Maestro alibeba sufuria na unga. Niliwakuta njiani, nikapakia sanduku kwenye chukudu langu. Mizinga ilikuwa inasikika upande wa Kibati.

"Musafiri," aliniambia Mama, "umuone huyu. Mi nimebeba chakula. Yeye amebeba televizio yenye haina picha."

"Mama, mule muna nyimbo zote."

"Basi jioni tutakula nyimbo."

Tulilala kwenye uwanja wa shule ya masista pamoja na watu wengi. Jioni wakala unga wake, kisha wakaimba, na Maestro akaandika makosa mapya mawili kwenye kiganja cha mkono kwa sababu hakuwa na karatasi. Mama alimshika ule mkono asije akaunawa. Hiyo ndiyo picha yao niliyo nayo, na sitaki nyingine.

Mama alikufa miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa, kitandani kwake, katika majira ya utulivu. Nilikuwa Butembo. Niliporudi nilikuta Maestro yuleyule, tai, kidole, haraka. Kitu kimoja tu kilibadilika: hakuingia jikoni tena. Binti ya dada yake alikuja kupika na kuondoka. Maji ya chai aliyachemsha mwenyewe sebuleni, kwa kile chuma cha umeme kinachotumbukizwa ndani ya kikombe kikubwa, pembeni kabisa ya kompyuta. Chuma kilipowaka, umeme wa nyumba ulianguka. Kompyuta ilizimika ghafla, sakristani akiwa katikati ya kupita, na mara nyingine orodha yake iliharibika ikabidi ajengwe upya, asome kila wimbo tangu mwanzo.

Fundi alichoka. "Maestro, chemsha maji jikoni."

"Jikoni ni mbali."

Fundi alitazama ukuta, akanitazama mimi.

Ni wakati wa kungoja orodha ijengwe upya ndipo aliponionyesha wimbo ule. Ulikuwa wimbo wa kawaida, wa kuaga, na mstari wake mkubwa ni huu: "Nikichoka safari, unipokee nyumbani mwako." Chini yake palikuwa na Makosa, mengi, yametenganishwa kwa majina ya vijiji. Na chini kabisa ameandika "Mama", nukta mbili, na baada ya hapo hakuna kitu.

"Huu aliimbaka kila siku," alisema. "Na kila siku alikosea, pale kwenye unipokee. Mimi nikiwa hapa na mashini, ninasikia kosa. Ninasimama, ninaenda jikoni, ninamusahihisha. Kila siku, Musafiri. Miaka."

"Alisemaka nini, pahali pa unipokee?"

"Njo ile nimepoteza." Aligusa kioo pale palipokuwa wazi. "Ninajua alikosea. Ninajua pahali alikosea. Lakini mi nilikuwa naskiliza ju ya kusahihisha, sikuskiliza ju ya kuweka. Nimeandika makosa ya parokia nzima, na ya muke wangu sina."

Nilimwambia kwamba anao wimbo, na maneno ya kweli anayajua.

"Maneno ya kweli yana sauti ya kila mutu," alisema. "Kosa liko na sauti ya mutu mumoja. Nikipata lile kosa, nitamusikia."

Kisha akanipa kazi, na ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipenda. Popote niendapo, niulize watu wanauimbaje mstari ule. Labda kosa lilikuwa la kijiji chake. Labda kuna mtu bado analiimba. Kwa hiyo nimesimama sokoni Butembo na kuimba, mimi mwenye sauti ya makaa, mpaka wauza vitunguu wakanisahihisha. Nimeuimba kwenye boti, juu ya lori, kwenye foleni ya maji. Nililetea Maestro "unipokeye", "unipokeje", na moja ya mlevi ambayo hakuiandika. Kila mara alifumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Ni nzuri," alisema. "Lakini si yake." Njia ya Masisi ilikuwa imefungwa na vita, shemeji zake walitawanyika, na namba za simu alizokuwa nazo zilijibiwa na watu wengine au hazikujibiwa kabisa. Hata hivyo hakusema kwamba haiko. Alisema sakristani hana ufunguo bado.

Nilimwona akiwa na huzuni mara moja tu, na si kwa muda mrefu, kwa sababu baa ya jirani ilianza wimbo wake mmoja kwa tuni isiyo sawa, akainuka kwenda kuwasahihisha walevi. Walimpenda pale. Walimpa kiti na Fanta.

Sasa nije kwenye mara ya karibuni.

Vita hivi vya juzi vilishusha watu wengi tena, na nilikuwa Kibati, nimepeleka mbao kwa chukudu. Kulikuwa na kina mama wamekaa juu ya mawe meusi ya volkano, wakingoja tangi la maji. Nikawaomba ruhusa, nikaimba mstari wangu. Wakacheka, kama kawaida. Mmoja akasema "unipokee", mwingine "unipokeye", hakuna jipya. Mama mmoja mrefu, aliyekuwa amekaa pembeni na bidoni, dumu lake la maji, hakucheka. Aliniita kwa mkono.

"Wee, kijana. Nani anakutuma kuomba makosa?"

"Maestro wa Keshero, mama."

Akaweka bidoni chini. "Ule mufupi? Wa tai?"

"Unamujua?"

"Alioa dada yangu."

Nilimwambia nitampeleka kwa chukudu, kuna mteremko mpaka mjini. Akanitazama na kuniuliza kama yeye anafanana na gunia. Tukapanda pikipiki.

Maestro alikuwa mbele ya kompyuta. Chuma cha chai kilikuwa ndani ya kikombe, hakijawashwa bado. Alipomwona mlangoni alisimama, akatafuta kitambaa mfukoni, hakukipata, akajifuta kwa tai. Walishikana mikono muda mrefu, wakaulizana waliokufa na walio hai, kwa utaratibu, kama inavyofaa. Halafu hakuweza kuvumilia tena.

"Shemeji. Wimbo wa dada yako. Kule kwenu muliuimba aje, pale kwa unipokee?"

"Unipokee."

"Apana. Yeye alikosea."

"Yeye akosee?" Shemeji alimtazama kama anayetazama mtoto. "Yeye njo alitufundisha ule wimbo. Alikuwa anaongoza watoto kanisani mbele hujamujua. Herufi ikianguka, alitupiga kijiti."

"Alikosea kila siku. Nilimusikia."

"Ulimusikia, ndiyo. Alitaka umusikie." Akavuta kiti, akakaa, akapanga kitenge chake. "Nilikuja kukaa na yeye nikiwa na mimba ya kwanza. Umesahau? Nilikaa naye mule jikoni. Aliniambia, uone, huyu bwana akikaa na mashini hatoke. Nikimuita hasikie. Nikisema chakula iko tayari, anasema ninakuja, anakuja kesho. Lakini akisikia kosa, anakuja mbio. Halafu akaimba, unipikie nyumbani mwako. Na wee ukafika pale mulangoni, kidole juu."

Maestro aligeuka kuutazama ukuta wa jikoni.

"Kesho yake akaimba unipakie, sawa mutu anapakia lori. Ukafika. Siku ingine unipokonye. Ile siku ulikuja na kiatu kimoja. Ukitoka, tulikuwa tunafunga mudomo na kitenge ju usisikie tunacheka."

"Kila siku kosa ingine," alisema Maestro polepole.

"Angerudilia moja, ungezoea. Haungekuja."

Nilimtazama mzee. Uso wake ulifanya kazi kubwa, kama wakati anasikiliza sauti nne kwa pamoja na kutafuta iliyopotoka. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikataka kutoka nje. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, halafu kwa sauti, mpaka mtu wa baa akabisha ukutani kuuliza kama kuna shida.

"Njo maana sikuweza kuikumbuka," alisema. "Zilikuwa nyingi."

Akageuka kwenye kompyuta. Akafungua wimbo, akaenda mpaka chini, penye neno "Mama" na nukta mbili. Akasema, "Zitaje. Zote." Shemeji akazitaja, moja moja, na kila moja na siku yake: ile ya mvua, ile ya wageni, ile waliyogombana asubuhi na mchana ikabidi mmoja aanze kusema. Maestro aliandika kwa vidole viwili. Nyingine aliandika mara mbili kwa furaha. Akahifadhi, akaenda kwenye kisanduku cha kutafutia, akaandika "unipikie".

Hakuna.

Zamani angeruka. Sasa alikunja mikono. "Sakristani hajapita bado," alimweleza shemeji. "Ngoja. Atapita."

"Mi siwezi kungojea sakristani na njaa," alisema shemeji. "Na ile chuma yako itachoma nyumba. Jikoni iko bado pahali pake?"

Akachomoa chuma, akachukua kikombe, akaenda nyuma ya ukuta. Tukasikia sufuria, kisha maji. Taa ya kompyuta ikaanza kupepesa na sanduku likavuma. Maestro alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, anatazama kioo.

Kutoka jikoni sauti ikainuka, nzito kidogo, haina haraka: "Nikichoka safari, unipokonye nyumbani mwako."

Kidole kilikuwa kimeshainuka kabla mwenyewe hajajua. Alikitazama kidole chake. Akasimama, akaacha kiatu kimoja chini ya meza, akaenda.

"Apana, apana," nilimsikia upande wa pili wa ukuta. "Si vile. Rudilia."

Ndipo wimbo ukatokea kwenye kioo, na jina lake, na mstari wenye neno lililotafutwa umewekwa rangi. Nikafungua mdomo nimwite aje kuona. Nyuma ya ukuta walikuwa wanacheka wote wawili, na mtu akaangusha kifuniko cha sufuria. Nikafunga mdomo, nikakaa na kuutazama ule wimbo, nikingoja maji yachemke.